Mbona hukuja kumzika bibi?

Mdogo wangu, umeniuliza mawili: huku maisha yakoje, na mbona sikuja kumzika bibi. Nitakujibu kweli tupu.

Kibali changu cha kuishi kilikuwa kinaombwa upya. Sheria ya Uingereza, ukitoka nchini ombi lako halijajibiwa, linahesabiwa umelifuta mwenyewe. Na hata ningekuwa na ruhusa, bibi alitutoka alfajiri, akazikwa baada ya alasiri siku ile ile. Hakuna ndege ya London ingeniwahisha. Habari ilinikuta kazini usiku, nasafisha ofisi. Nilikaa kwenye ngazi, nikasema Inna lillahi, nikalia. Halafu nikainuka, maana ghorofa mbili zilikuwa bado.

Pesa ipo, sikufichi, na ndiyo iliyomnunulia dawa. Chumba natoa pauni 700 kwa mwezi, nauli na chakula mbali. Kinachobaki ndicho mnachokiona. Ukitaka kuja sitakukataza.

Kinachoniuma ni kingine. Bibi alikuwa mwitikiaji. Wewe umezaliwa keshaacha taarabu. Utotoni kwake Ng'ambo, mjini Unguja, alizisikia santuri za Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu aliyefariki 1950, na alipokuwa mtu mzima akaingia kikundini. Hakuwahi kuimba mbele. Alikaa na wenzake nyuma ya fidla na ganuni, kikuba cha asumini kifuani, akingoja ubeti uishe waupokee. Ukiingia Mfunguo Sita, mwezi wa maulidi, sauti ile ile ndiyo iliyoitikia kasida za maulidi uani kwetu. Walikuwepo waliomwambia mambo hayo mawili hayakai pamoja. Hakubishana nao. Alisali sala zake tano, akaenda mazoezini, akarudi kupika. Mimi namwamini yeye kuliko wao.

Na nyumbani, unakumbuka? Ukimwita kutoka ukumbini, hata uwe mtoto wa miaka minne, alikuitika "Labeka" kama anayeitwa na mkubwa wake. Wajukuu wote tulikua tukijua kwamba ukiita, utaitikwa.

Huku nikifungua mlango natoa salamu, kama alivyotufundisha, na chumba kinanyamaza. Jirani wa ukuta wa pili sijui hata jina lake, mwaka wa nne huu.

Ila Desemba ilikuwa yetu, mimi na bibi. Mwezi huo jua la London linazama karibu na saa kumi jioni, na kwenu wakati huo ni saa moja kasoro, kwa hiyo magharibi zetu hazipishani hata nusu saa. Nikimpigia, keshasali na bado yuko juu ya msala. Ananiambia, "Sali, nakungoja." Naiweka simu kitandani, nasoma Alhamdu kwa sauti, na nikifika "waladh-dhaallin" namsikia kutoka Unguja: "Aamiin." Anaivuta, taratibu, kama mwisho wa kasida. Desemba iliyopita nilifika pale pale nikanyamaza, nikasahau kwamba wa kuitikia sasa ni mimi mwenyewe.

Hitima mliyonirekodia nimeipata, Mungu awalipe. Nakuomba moja. Juu ya kabati lake kuna kanda ya maulidi, yenye karatasi ya kijani. Upande wa pili, kasida ikikaribia kwisha, kuna sauti moja inayochelewa kunyamaza wenzake wakishanyamaza. Ni yake. Tafuta mwenye redio ya kanda, unirekodie na hiyo, unyevu usije ukaiharibu.