Rangi za Keith Haring zinamfaa hata mshonaji

Dada, umeuliza kama rangi kali za msanii kijana wa sanaa ya pop (sanaa inayochota picha za maisha ya kila siku, kama matangazo na katuni) zinaweza kumsaidia mshonaji. Tena sana! Mtazame Keith Haring wa Marekani. Alijulikana kwa kuchora kwa chaki nyeupe juu ya karatasi nyeusi katika vituo vya treni za chini ya ardhi, New York, na alifariki 1990 akiwa na miaka 31 tu. Mwaka 1989, huko Pisa, Italia, alijaza ukuta mzima maumbo 30 yaliyoshikamana, kila moja na rangi yake, likizungushiwa mstari mnene mweusi. Mstari ule ndio ulionifundisha mimi. Nilipozungusha uzi mweusi kwenye viraka vya kitenge, njano na nyekundu ziliacha kugombana. Jaribu kwenye mkoba mdogo kwanza.