Usifukue nyasi zote

Bustani yako ya nyasi ikiwa imevamiwa na magugu, huenda unafikiria kufukua zote na kuanza upya. Kama nusu ya eneo bado ni nyasi nzuri, hakuna haja. Anza na urefu wa kukata: acha sentimita 7 hivi (nyasi zinazotambaa huvumilia kukatwa fupi zaidi), na usiondoe zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mara moja. Nyasi ndefu hufunika udongo, na mbegu nyingi za magugu huhitaji mwanga ili ziote. Kwangu hili ndilo kubwa, hata kuliko dawa ya magugu. Magugu yang'oe na mizizi yake udongo ukiwa na unyevu, kabla hayajatoa mbegu. Mwagilia mara chache, lakini maji yazame sentimita 15. Penye vipara tifua kidogo, kisha panda mbegu za nyasi. Ipe bustani misimu miwili.