Gurudumu la cherehani ya zamani ya Singer limekaza: ninunue?

Gurudumu kukaza si sababu ya kuiacha. Mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyoganda. Tia tone la mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta, iache usiku kucha, zungusha polepole bila kulazimisha, kisha weka mafuta ya cherehani. Ya kupikia hapana, yanaganda upya.

Linalostahili kukutia wasiwasi ni vifaa vya chini. Telezesha kibati kando ya sindano: modeli 27 na 127 zina kikasha chenye umbo la risasi na bobini (kipande cha kuzungushia uzi wa chini) ndefu nyembamba. Kikikosekana, dai punguzo kubwa au ondoka. Modeli 15 ni salama zaidi: bobini ya mviringo, sindano za aina ya 15x1, zote hupatikana kirahisi. Namba ya usajili iliyo kwenye mashine haianzi na herufi? Cherehani hiyo ni ya kabla ya 1900.