Alikosa Adabu, au Alikosa Neno?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti ninayefanya kazi mapokezi katika nyumba ya wageni hapa Tukuyu. Mwezi uliopita tulipokea mume na mke kutoka Hungaria waliokuja kuona Ziwa Ngosi. Asubuhi yule mzee aliniambia kwa Kiingereza, "I want tea. You bring hot water." Nilijisikia vibaya, nikamwambia mwenzangu kwamba mgeni huyu ni "rude", yaani hana adabu. Mkewe alikuwa nyuma yangu, akalisikia neno hilo, na hakusema nami tena hadi walipoondoka. Je, yule mzee alinidharau kweli? Na neno nililolitumia lilikuwa sahihi? (Msomaji, Tukuyu)

JIBU: Marahaba, binti. Kwa jinsi ulivyoyanukuu maneno yake, sioni dharau. Naona mtu aliyeitoa sentensi kwao na kuiingiza katika Kiingereza, adabu yake ikabaki njiani. Mhungaria akiagiza chai nyumbani kwao husema "Kérek egy teát", yaani "Naomba chai moja", na kutokana na kitenzi hicho hicho wamepata "kérem", neno wanalolitumia mahali pa "tafadhali". Zaidi ya hapo, lugha yao humwita rafiki au mtoto "te", lakini mgeni na mtu wa heshima humwita "ön" au "maga", na kitenzi kinachofuata huwa cha nafsi ya tatu, kana kwamba sisi tungemsalimu mkubwa aliyesimama mbele yetu kwa kumuuliza "Hajambo?" badala ya "Hujambo?". Mtu aliyezoea kuiweka heshima katika kitenzi namna hiyo, akifika kwenye Kiingereza, hukuta "you" moja tu, ya mtoto na ya mzee, na asipofundishwa pa kuiweka heshima yake, huiacha.

Sisi nasi tuko hivyo hivyo. Heshima yetu imo katika "shikamoo", katika "naomba", na katika tofauti ya "lete maji" na "naomba uniletee maji", na hakuna hata moja kati ya hizo inayohamia katika Kiingereza neno kwa neno. Waingereza huiweka heshima katika umbo la swali, tena kwa kitenzi kilichovaa sura ya wakati uliopita: "Could I have some tea, please?" Hilo lisikushangaze, kwa maana hata sisi tukiingia ofisi ya watu husema "Nilikuwa naomba kuuliza", ilhali ombi lenyewe ni la dakika ile ile. Kulirudisha ombi nyuma kidogo humpa anayeombwa nafasi ya kupumua, na mzee wako hakuijua njia hiyo.

Sasa kuhusu neno lako. "Rude" ni neno zito kuliko wengi wetu tunavyodhani. Asili yake ni Kilatini, "rudis", kitu kibichi ambacho hakijafanyiwa kazi, na kinyume chake, "polite", yaani mwenye adabu, limetoka katika "politus", kilichosuguliwa kikang'aa. Ukiwahi kushika ubao wa Mafinga ambao haujapigwa randa, halafu ukashika mwingine uliokwisha kupigwa, utaielewa tofauti hiyo kwa kiganja. Kumwita mtu "rude" ni kuihukumu tabia yake, na mkewe alikuwa na haki ya kuumia. Kama ulitaka kueleza sentensi tu, lilikuwepo neno "blunt", ambalo kwa kisu ni butu na kwa mtu ni msema wazi asiyeyapaka maneno mafuta. Wapo hata wanaojisifu nalo. Lilikuwepo pia "abrupt", kwa usemi unaokuja ghafla bila salamu wala utangulizi, na nadhani ndilo hasa ulilolihitaji asubuhi ile.

Liko jingine ambalo nalipenda mno, "cheeky", linalosemwa kwa mtoto au kijana anayemjibu mkubwa bila woga, mara nyingi msemaji akiwa nusu amekasirika na nusu anatabasamu. Limetokana na "cheek", yaani shavu. Kihungaria kwa mtu asiye na haya husema "szemtelen", na ukilivunja neno hilo unapata "asiye na macho". Sisi husema ni mkavu wa macho! Watu wanaoishi mbali namna hii wote wameitafuta haya usoni, na wawili kati ya watatu wameikuta machoni. Nakusihi tu usimwite mgeni "cheeky", maana neno hilo humshusha mtu mzima hadi utotoni.

Jihadhari pia na "sorry". Mgeni akijikwaa ngazini sisi humpa pole, na wengi wetu huitafsiri kwa "sorry", naye hujibu kwamba si kosa lako, kwa sababu amesikia unaomba radhi. Mwulize "Are you all right?" naye atajua unamjali.

Kwa mkewe, kama mna anwani yao kwenye kitabu cha wageni, mwandikie sentensi mbili tu: "I am sorry for what I said about your husband. I misunderstood him." Hapo "sorry" imekaa mahali pake.

Na siku mgeni mwingine atakapokuuliza "Would you mind bringing some hot water?", usijibu "Yes" kwa haraka kama tulivyozoea kusema ndiyo. Anauliza kama itakuwa usumbufu kwako. Jibu "No, not at all", kisha mpelekee maji.