Kabla hujalipa ada ya masta, hesabu miezi

Mwaka nilipopata barua za kukubaliwa kusoma masta ulikuwa mwaka wa karafuu nyingi. Uwanjani kwetu, nje kidogo ya Wete, Pemba, majamvi yalikuwa yametandikwa mpaka mlangoni, na usiku tulikaa familia nzima tukichambua vikonyo. Baba akaniuliza: "Mwanangu, hicho chuo unachokitaka ni kilo ngapi?" ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ilikuwa ikinunua kilo ya daraja la kwanza kwa shilingi 14,000. Nikatoa simu, nikagawa. Ada ya milioni 4.2 ikawa kilo 300 za karafuu kavu, na hapo wachumaji bado hawajalipwa.

Baba akakubali. Naandika haya kwa sababu hesabu ile niliifanya vibaya, na kila mwaka naona vijana wa Pemba wakiirudia vilevile.

Chuo nilichokichagua kilikuwa Bara, kina jina kubwa, na karatasi zake zilisema miaka miwili. Mwaka wa darasani ulikwenda vizuri. Ikaja tasnifu. Sura ya tatu niliituma Februari, ikarudi Juni ikiwa na mstari mmoja wa wino mwekundu: rekebisha mbinu za utafiti. Msimamizi wangu alikuwa na wanafunzi 17. Kila nikiitwa ilikuwa gari mpaka Mkoani, boti mpaka Unguja, boti nyengine mpaka Dar es Salaam, halafu basi, halafu chumba cha kulala na kupiga chapa kurasa mia na zaidi. Mara mbili nilifika nikaambiwa amesafiri. Ruhusa yangu ya masomo ikaisha, nikarudi skuli kufundisha mchana na kuandika usiku, huku chuo kikinidai ada ya kuendelea kusajiliwa. Nilimaliza baada ya miaka mitatu na miezi saba. Nilipojumlisha risiti zote, ile ada ya mwanzo haikufika hata nusu.

Kwa hiyo ukinijia kuniuliza chuo kipi ni rahisi kwa ada, mimi nitakuuliza wanafunzi wake wanamaliza lini. Ofisi ya udahili haitakwambia. Watafute walioanza miaka mitatu nyuma katika kozi ileile, uwaulize: mliingia wangapi, wametoka wangapi, sura moja inakaa kwa msimamizi wiki ngapi? Kisha mwandikie yule mwalimu unayetaka akusimamie kabla hujakubali nafasi. Asiyejibu barua pepe wakati bado unachagua, usitarajie atajibu ukishakuwa wake.

Sasa jina. Ami yangu alinishikilia sana hapo: jina la chuo ndiyo mtaji, akisema, kazi itakufuata. Kwa baadhi ya kazi ana haki. Ukitaka kusoma udaktari nje, au kufanya kazi na mashirika ya kimataifa, anayesoma maombi yako hajui vyuo vyetu vya Tunguu wala Chukwani, na jina analolijua litakufungulia mlango. Lakini mimi nilikuwa mwalimu wa serikali. Niliporudi na cheti, kilichotazamwa ni kwamba sasa nina shahada ya uzamili. Jina la chuo halikuulizwa na mtu. Na wewe unayetaka kufundisha chuo kikuu, jua kwamba hapa kwetu GPA, yaani wastani wa alama zako, inatazamwa kwa makini sana, ya masta na ya digrii ya kwanza pia. Chuo chenye jina ambacho kitakutoa na GPA ya chini kinaweza kukufungia mlango uleule uliokufanya ukifuate.

Nina rafiki yangu ambaye wakati ule nilimwonea huruma kwa kubaki. Alisoma hapahapa visiwani, akaandika tasnifu juu ya mwani. Maji yakitoka alfajiri alikuwa ufukweni na daftari lake ndani ya mfuko wa plastiki, akipima kamba za mwani pamoja na akina mama wanaolima. Maofisa wa uvuvi na watu wa miradi waliokuja kuwatembelea akina mama wale walimkuta pale, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipomaliza hakuhitaji kujieleza kwa mtu. Mradi ulipotafuta mtafiti msaidizi, walikwishamjua.

Visiwani kuna zaidi ya tunavyodhani. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ipo tangu sheria yake ya 1999, kuna vyuo binafsi Tunguu na Chukwani, na Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyopo Unguja tangu 1978, ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: unapata jina la Dar bila ya kuhama visiwani. Tangu 2023 IIT Madras, taasisi ya teknolojia ya India, nayo ina kampasi Unguja, kwa wanaotaka sayansi ya data na akili mnemba.

Ufadhili wa nje uombe, na uombe mapema. Chevening, kwa mfano, hulipia masta ya mwaka mmoja Uingereza, inataka uwe umeshafanya kazi takriban miaka miwili, na ukimaliza urudi nyumbani usipungue miaka miwili. Kwa mwenye kazi yake inayomngoja, hilo ni jepesi. Ninaouogopa ni ufadhili wa nusu. Moja ya barua zangu ilikuwa ya nje, imepunguza nusu ya ada, na nyumbani watu walishangilia. Nusu iliyobaki, pamoja na kodi ya chumba, ilikuwa kubwa kuliko ada nzima ya Bara. Na shahada yoyote ya nje, hakikisha kwanza TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inakitambua chuo chenyewe.

Mdogo wangu ana barua mbili mwaka huu. Jana usiku nimempa namba za wahitimu wawili, mmoja wa kila chuo, na nimemwomba Baba asiuze hata gunia moja mpaka kijana azungumze nao wote.