Nilivaa bresi ili niweze kung'ata mshikaki

Watu wakisikia umefunga waya za meno wanawaza urembo tu, "aah dada unataka kupendeza". Mi nilifunga nikiwa na miaka 27, na kwenye picha meno yangu yalikuwa hayana neno, shida ilikuwa mezani. Meno ya mbele ya juu na ya chini yalikuwa hayakutani, nikiuma magego yanagusana vizuri kabisa ila huku mbele panabaki uwazi ambao ncha ya ulimi inapita bila kugusa jino. Tambi navuta zote mdomoni maana sina cha kuzikatia, chapati nachana kwa mkono, mshikaki naupeleka pembeni kichwa nimekiinamisha kama paka anayekula mfupa wa samaki. Kidole ndo kiliniponza, nilinyonya mpaka darasa la pili jamani, mama alipaka pilipili, akapaka mwarobaini, nikahamia kidole cha mkono wa pili.

Kilichonipeleka kwa daktari wala sio huo uwazi, ni gego lililokuwa linauma na halijatoboka. Daktari akaniwekea kikaratasi chembamba cha bluu katikati ya meno akaniambia uma, sigina kulia, sigina kushoto, kisha akanipa kioo. Vidoti vya bluu vilikuwa kwenye magego ya nyuma tu, meno mengine yote meupe hayana hata alama. Yaani miaka yote hiyo kazi ya mdomo mzima inafanywa na magego manne, kwa nini yasiume?

Sasa kitu ambacho sikuambiwa mapema ni kwamba ukishafunga, kutafuna kunakuwa kubaya zaidi kwanza. Siku ya kwanza na ya pili ndo balaa, hata ugali unauma, halafu inapungua pungua ndani ya wiki moja hivi. Jino halijagandishwa kwenye mfupa, limeshikwa na nyuzi nyuzi ndogo sana, waya ukisukuma mfupa unayeyuka upande mmoja na kujengeka upande wa pili, na zile nyuzi ndo zinazosikia ukiuma kitu, kwa hiyo zikiwa zimebanwa hivyo hata wali unausikia. Nikaishi kwa uji, mtori na maharage ya kuponda.

Maumivu yakaisha ila kutafuna hakukurudi. Meno yanasafiri taratibu, kama milimita moja kwa mwezi, na kabla hayajakutana sehemu mpya yanakuwa yameshaacha ile ya zamani, kwa hiyo kuna miezi nyama inazunguka tu mdomoni haisagiki, unachoka unaimeza hivyo hivyo. Usiimeze. Ikate ndogo ndogo kwenye sahani kabla hujala, na tafuna pande zote mbili hata kama upande mmoja unaona mvivu. Mahindi ya kuchoma pukuchua kwa mkono. Muwa achana nao, mi nilijifanya mjanja na kipande kimoja tu nikang'oa kile kichuma kinachogundishwa kwenye jino, nikakaa wiki tatu nasubiri tarehe ya kurudi na lile jino limesimama halisogei.

Halafu kuna raba, vile vipete vidogo vya mpira. Kwa tatizo kama langu unazipachika kutoka jino la juu kwenda la chini hapo hapo mbele, zinavuta mchana na usiku, unatoa ukila na kupiga mswaki. Mi nilikuwa natoa nikila halafu nasahau kurudisha mpaka jioni, uwazi ukagoma, daktari akaangalia tu akajua. Na ulimi nao ufundishwe, ukimeza mate ncha ikae juu nyuma ya meno isisukume mbele, maana ukiendelea kusukuma waya zinafanya kazi na ulimi unabomoa.

Wenye watoto: akikaribia miaka saba meno ya ukubwani yanaota na bado ananyonya kidole, au akifunga mdomo taya linahama pembeni, mpeleke, usisubiri awe mkubwa, utotoni taya bado linakua na kulirekebisha ni rahisi zaidi. Na wapo ambao shida yao ni mfupa wa taya wenyewe, hao waya peke yake hazitoshi, inabidi na upasuaji. Ila anayekwambia bresi zinatibu vidonda vya tumbo huyo anatafuta hela yako.

Miaka miwili na miezi miwili nikatolewa. Nilidhani nikitoka pale nitakula kama fisi, kumbe misuli ya taya ilikuwa imezoea kuogopa, ikanichukua miezi kuuma kwa nguvu. Kikaratasi cha bluu safari hii kiliacha vidoti mpaka kwenye machonge, na mbele alama hafifu. Tambi ya kwanza kukatika kwa meno ya mbele niliisikia kabisa, kt, nikakata nyingine makusudi.

Ritena, kile kifaa cha kushikilia meno yasirudi yalikotoka, navaa kila usiku. Nilienda kijijini wiki tatu nikaisahau Dar, niliporudi ilikuwa inabana nusu nilie, na uwazi wa mbele ndo unaopenda sana kurudi.

Mshikaki? Bado naupeleka pembeni. Mdogo wangu ananipiga kiwiko pale pale kwenye jiko la muuzaji, "dada, mbele, uma mbele!"