Jibu: Je, inafaa kwenda Nepal kujitolea kwa watoto?

Dada yangu, umeuliza kama inafaa uondoke Malindi kwa miezi mitatu ukajitolee kwenye makao ya watoto nchini Nepal. Nenda, ila uichague kazi kwa makini. Hapa kwetu nimemwona mtoto akishika kidole cha mgeni langoni mwa makao ya watoto asitake kukiachia, kwa kuwa aliwazoea waliotangulia na wote wakaondoka, na inaniuma sana. Kenya ilisitisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mkakati wa kitaifa wa mwaka 2022 unalenga kuwarejesha watoto katika familia. Kwa hiyo huko Nepal usiende kwenye makao, tafuta shule ambayo watoto wake hulala kwao, umsaidie mwalimu mwenyeji badala ya kuchukua nafasi yake. Lugha itakutatiza mwanzoni, na upweke pia, hasa jioni. Lakini siku mtoto aliyekuwa akikukwepa atakapokuletea daftari lake umsikilize akisoma, utafurahi kupita kiasi. Shule ikikupokea bila kukudai cheti cha tabia njema cha polisi, achana nayo, kwani huenda haimkagui yeyote anayewakaribia watoto hao.